Ombi la msamaha kwa sababu ya dhiki ya mwenza, fomu I-601: tuajiri wakili wa Marekani au tujaze wenyewe?

Kibosho_Kati, Moshi, 9 Machi 2025

Habari za leo wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo limetunyima usingizi, mimi na mke wangu, tangu Novemba mwaka jana.

Niliingia Marekani Agosti 2015 kwa viza ya matembezi, nikapewa miezi sita, na miezi sita ilipokwisha sikuondoka. Nilifanya kazi ghalani, baadaye katika nyumba ya kutunzia wazee, hadi Juni 2019 baba yangu alipofariki. Mimi ni kifungua mimba, na kwetu Kibosho sikuona namna ambavyo baba angezikwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, bila mimi kutupa udongo kaburini. Nilijua kwamba nikitoka sitarudi kirahisi, nikatoka.

Mwanamke niliyekuwa nimefahamiana naye tangu 2018, raia wa Marekani kwa kuzaliwa, alinifuata Moshi na tukafunga ndoa mwaka 2022. Aliwasilisha ombi la kumhamishia mumewe kwake, likakubaliwa, nikaitwa kwenye usaili ubalozini Novemba 2024. Afisa aliniambia kwa upole kabisa kwamba ndoa yetu haina shaka, lakini kwa kuwa nilikaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, sheria inanizuia kuingia kwa miaka kumi kuanzia siku niliyotoka. Akanipa karatasi inayosema kwamba ninaweza kuomba msamaha kwa fomu I-601, nikithibitisha kwamba mke wangu atapata dhiki ya kupita kiasi nisiporuhusiwa.

Mke wangu anaishi Ohio. Ana ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, anatumia dawa kila siku, na bima yake ya afya inatokana na kazi yake. Mama yake alipata kiharusi miaka miwili iliyopita na anakaa naye nyumba moja. Ana pia binti wa miaka 9 kutoka ndoa ya kwanza, ambaye huishi kwake wiki moja na kwa baba yake wiki inayofuata.

Ada ya serikali peke yake ni dola 1,050, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu, na hairudishwi ombi likikataliwa. Mawakili wawili aliowauliza mke wangu wametaja dola 4,500 na dola 7,000. Yeye anasema fomu inasomeka, Kiingereza ni lugha yake, na fedha hizo ni afadhali zilipe nauli za kuja kunitembelea. Mimi naogopa kukosea. Papo hapo kuna bwana mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji la Arusha ambaye ameniambia atalikamilisha jambo lote kwa shilingi milioni tatu, na kwamba uhakika ni asilimia mia moja.

Je, wakili ni wa lazima? Au nivumilie tu hadi Juni 2029 miaka kumi itimie?

---

Mwana_Meru, Usa River

Pole sana, mkuu, kwa msiba wa mzee na kwa haya yaliyofuata. Nionavyo, msipoteze fedha kwa wakili. Kuna fomu nyingine, I-601A, ambayo ada yake ni dola 795 tu, nayo ni rahisi zaidi kuliko hiyo. Binamu yangu aliitumia akiwa Texas na akafanikiwa bila shida. Fomu ni fomu. Inauliza jina, tarehe na anwani.

---

MamaWawili_Njiro, Arusha

Kaka Mwana_Meru, najua umeandika kwa nia njema, lakini naomba nisahihishe kabla ndugu yetu hajatuma fedha mahali pasipohusika. Fomu ya I-601A ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu ambao bado wako ndani ya Marekani, ili wapate jibu la msamaha kabla hawajatoka kwenda kwenye usaili. Binamu yako alikuwa Texas, kwa hiyo ilimfaa. Aliyekwisha toka na anayeishi Moshi hawezi kuitumia. Yake ni I-601.

Sasa nizungumze na wewe, Kibosho_Kati, kwa sababu mimi ni miongoni mwa waliojaza wenyewe na wakakubaliwa. Mume wangu ni raia wa Marekani. Mimi nilikuwa nimepitiliza muda kwa miaka miwili, nikarudi nyumbani, na mwaka 2021 tukawasilisha ombi, wakati huo ada ikiwa dola 930. Tulingoja zaidi ya mwaka mmoja, kisha likakubaliwa. Hatukuwa na wakili kwa sababu hatukuwa na fedha, na sitaki kukuficha kwamba kazi ile ilitula jioni zetu zote kwa miezi minne.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa saba, na karibu kurasa sita zilieleza jinsi mimi ninavyoteseka: ninavyolia usiku, ninavyokosa kazi, watoto wanavyouliza baba yuko wapi. Mume wangu aliposoma maelekezo ya idara ya uhamiaji ya Marekani yenyewe ndipo tulipoelewa kwamba katika zuio hili mateso ya mwombaji hayahesabiki. Anayepimwa ni mwenza au mzazi aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani. Hata watoto, wakiwa raia, dhiki yao inaingia tu kwa njia ya jinsi inavyomwelemea huyo mzazi wao. Tulizitupa zile kurasa na kuanza upya, safari hii kila sentensi ikianza na yeye: afya yake, kipato chake, madeni yake, wazazi wake.

Jambo la pili ni kwamba mtengano wa kawaida hautoshi. Upweke, huzuni, gharama za kuendesha nyumba mbili, yote hayo idara inayaona kuwa ni matokeo ya kawaida ya mtu kunyimwa kuingia, na ombi linaloishia hapo hukataliwa. Lazima muoneshe kinachomfanya mkeo awe tofauti na wake wengine elfu moja waliotengana na waume zao. Na dhiki yenyewe inatazamwa kwa pande mbili: akibaki kule bila wewe, au akihamia huku kuja kuishi nawe. Siku hizi mnaweza kuthibitisha upande mmoja, ikiwa mnaeleza na kuthibitisha kwamba huo ndio upande ambao kweli ungetokea, lakini sisi tulithibitisha pande zote mbili ili tusibahatishe.

Kwa sababu hiyo nilisimama niliposoma habari za yule binti wa miaka 9. Umemtaja kwa sentensi moja, mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo. Ikiwa kuishi kwake kwa zamu kumewekwa na amri ya mahakama, basi wifi yetu hawezi kumchukua mtoto na kuhamia Moshi bila ridhaa ya baba yake au ya mahakama hiyo, na akihama peke yake atakuwa amemwacha mwanawe. Sisi hatukuwa na jambo zito kama hilo. Nakala ya amri hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo ningeitafuta ningekuwa katika nafasi yenu, hata kabla ya barua ya daktari wa lupasi.

Ushauri mmoja kwa upande wetu wa huku. Msiandike kwamba Tanzania haina hospitali. Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, na afisa anaweza kulijua hilo kwa dakika mbili. Andikeni ambacho ni kweli na mahususi: mkeo anatumia dawa gani, anaonana na daktari bingwa gani na mara ngapi, kama dawa hiyo hupatikana hapa na kwa bei gani, na nani atailipia akiwa ameacha kazi yenye bima. Barua ya daktari wa hapa Moshi inayojibu maswali hayo kwa ukweli ina uzito kuliko kurasa kumi za kuisema vibaya nchi yetu, na mimi binafsi nisingependa ombi langu lisimame juu ya kuidharau nchi iliyonilea.

Kilichotusaidia zaidi ya chochote ni kusoma maamuzi ya ofisi ya rufaa ya idara hiyo, ambayo yamewekwa wazi mtandaoni majina yakiwa yamefutwa. Humo utaona ni ushahidi gani ulikubaliwa na upi uliitwa maneno matupu. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inawezekana bila wakili. Lakini mimi nilikuwa na kosa moja tu, la kupitiliza muda. Sikuwahi kukamatwa na polisi wala kuandika uongo kwenye fomu yoyote.

---

Msangi_wa_Usangi, Moshi

Ninaheshimu aliyoyaandika dada wa Njiro, na nimefurahi kwamba yeye alipita. Sisi hatukupita, na naona ni haki ndugu yetu aone upande huo pia.

Mke wangu ni mkazi wa kudumu wa Marekani. Mara ya kwanza tulijaza wenyewe. Tuliambatanisha barua kumi na moja za ndugu na marafiki, karibu zote zikisema kwamba sisi ni watu wema na tunapendana. Barua ya daktari ilikuwa na mistari mitatu: kwamba mke wangu ana shinikizo la damu, kwamba anatibiwa, kwamba anahitaji msaada wa familia. Barua nne zilikuwa za Kiswahili na hatukuzitafsiri, kwa kuwa tulidhani zinaonesha tu umoja wa familia. Baadaye tuliambiwa kwamba kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri kamili, na mtafsiri aandike na kutia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo.

Idara ilituandikia kutaka ushahidi zaidi. Muda wa juu wa kujibu barua ya namna hiyo ni siku 84, ukiacha siku chache za posta, na hauongezwi. Nilikuwa nimeandika anwani yangu ya S.L.P. hapa Moshi. Sanduku lile ni la ukoo, sisi ndugu watano tunalitumia, na ufunguo ulikuwa kwa mdogo wangu aliyekuwa amekwenda Mererani. Nilipoishika barua mkononi zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Tulijibu kwa haraka, vibaya, na ombi likakataliwa.

Mara ya pili tuliajiri wakili. Tulilipa dola 4,000 kwa awamu nne, pamoja na ada mpya ya serikali, na fedha zile zilitoka katika kuuza ng'ombe na kusimamisha ujenzi. Mnaweza kuuliza alifanya nini ambacho sisi hatukuweza. Kwanza alitukataza kuandika kitu chochote kwa wiki sita. Alimhoji mke wangu kwa simu mara tatu, na katika mahojiano ya pili ndipo ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa kwa sonona kabla hatujafahamiana, jambo ambalo hakuwahi kuniambia hata mimi kwa kuona aibu. Alimwelekeza kwa mtaalamu wa saikolojia, ambaye aliandika tathmini yenye historia yote ile. Alimwandikia daktari maswali saba ya kujibu badala ya kumwomba barua tu. Alipunguza barua za ndugu kutoka kumi na moja hadi tatu. Halafu, na hili ni dogo lakini liliniondolea hofu kubwa, kwa kuwa alijaza fomu ya uwakilishi, kila barua ya idara ilifika pia ofisini kwake.

Kwa hiyo, kaka, ukijumlisha, kujaza wenyewe kulitugharimu ada moja iliyopotea na karibu miaka miwili ya ndoa. Wakili hakuwa ghali kuliko hivyo.

---

Wakili_Themi, Arusha

Ndugu Kibosho_Kati, salaam. Mimi ni wakili wa Mahakama Kuu ya Tanzania na mahakama zilizo chini yake, na ninaanza kwa kukueleza mipaka yangu. Leseni yangu ya hapa hainipi ruhusa ya kukuwakilisha mbele ya idara ya uhamiaji ya Marekani, ile inayofahamika kwa herufi USCIS, katika ombi hili. Wanaoruhusiwa ni mawakili wenye leseni hai ya jimbo lolote la Marekani, pamoja na wawakilishi wasio mawakili walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo kupitia mashirika yasiyotafuta faida. Hao wa pili watu wengi hawawajui, na mara nyingi ada zao ni ndogo. Mkeo anaweza kuulizia kama lipo shirika la namna hiyo karibu naye. Na kwa kuwa sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu ya shirikisho, wakili si lazima awe wa Ohio. Jina lake linaweza kuhakikiwa katika tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lililompa leseni, na hapo huonekana pia kama amewahi kuadhibiwa.

Sasa, huyo bwana wa katikati ya jiji. Sisi mawakili wa hapa tunawafahamu vishoka kwa sababu wateja wao huishia kwetu wakiwa wamechelewa. Sikuombi umshitaki wala umtukane. Muulize jambo moja tu: fomu I-601 ina sehemu ambayo mtu aliyemwandalia mwombaji fomu kwa malipo hutakiwa kuandika jina lake, anwani yake na kutia sahihi, je, yeye ataijaza? Akisema kwamba liandikwe jina lako tu kana kwamba umejaza mwenyewe, ondoka. Na mtu anayeahidi asilimia mia moja katika ombi ambalo hata ushahidi ukitimia afisa bado ana hiari ya kukataa, huyo haelewi anachokiuza au anaelewa sana.

Kuhusu swali lako la msingi, siwezi kulijibu kabla hujanijibu langu. Karatasi uliyopewa ubalozini huwa na orodha ya vifungu vya sheria, na afisa huweka alama mbele ya kila kifungu kinachokuhusu. Yako ina alama ngapi? Tafadhali itazame tena taratibu, usitegemee maneno aliyokuambia kwa mdomo, kwa sababu siku ile ulikuwa umeshtuka na mtu aliyeshtuka husikia sentensi ya kwanza tu.

---

Kibosho_Kati

Wakili, nimeitazama. Alama ni mbili. Ya kwanza ni 212(a)(9)(B), ambayo ndiyo niliyoeleweshwa kuwa ya miaka kumi. Ya pili ni 212(a)(6)(C)(i). Nakiri kwamba sikuiona, au niliiona nikadhani ni sehemu ya ile ya kwanza.

Naona ni lazima nieleze jambo ambalo sikuliandika mwanzoni. Mwaka 2021 niliomba viza ya matembezi ili nimtembelee mchumba wangu. Fomu ya mtandaoni nilijaziwa na kijana mmoja hapa Moshi anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Kuna swali linalouliza kama umewahi kupitiliza muda wako Marekani. Aliniambia tukisema ndiyo hatutafika popote, akaweka hapana, nami nilikuwa nimekaa kando yake na nikabonyeza kuwasilisha. Viza nilinyimwa kwa sababu nyingine, na nikasahau. Afisa wa Novemba aliniuliza juu ya hilo, nikamjibu kwamba fomu nilijaziwa.

Mke wangu hajui. Nitamweleza usiku huu kabla sijaandika kitu kingine hapa.

---

Wakili_Themi

Umefanya vizuri kulisema, na umefanya vizuri zaidi kuamua kumweleza mkeo, kwa kuwa ombi hili haliwezi kuandikwa na watu wawili ambao mmoja wao anaficha jambo.

Kifungu hicho cha pili kinahusu mtu aliyejaribu kupata viza au kuingia kwa kueleza uongo wa makusudi juu ya jambo la msingi. Tofauti yake na kile cha kwanza ni kubwa na inajibu swali lako la kungoja. Mazuio ya miaka mitatu na miaka kumi, yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1996, yana mwisho: la kwako lingekwisha Juni 2029. Zuio la uongo halina mwisho. Ungengoja hadi 2029, ukarudi ubalozini ukiwa na furaha, ukakuta mlango umefungwa kwa kufuli ya pili ambayo miaka haiifungui. Kinachoifungua ni msamaha peke yake.

Habari njema ni kwamba msamaha wa kifungu hicho nao unategemea dhiki ya mwenza au mzazi aliye raia au mkazi wa kudumu, na fomu ni ileile moja, ada ileile moja. Hutajaza mbili. Lakini ombi lazima livitaje vifungu vyote viwili na kuvijibu vyote viwili, na hapo ndipo ninapoona wewe na dada wa Njiro mnapotengana njia. Yeye alipaswa kuthibitisha dhiki na kwamba ni mtu mwema. Wewe, baada ya kuthibitisha dhiki, utapaswa kumshawishi afisa atumie hiari yake kwa ajili ya mtu aliyewahi kuidanganya serikali yake, na afisa huyo hatakuona uso wala kusikia sauti yako. Atasoma karatasi tu. Hati yako ya kiapo juu ya mwaka 2021 ndiyo itakayosomwa kwa makini kuliko zote. Ukimtupia lawama yule kijana, utaonekana hujajuta, maana sheria inamhesabu mwombaji kuwa ndiye aliyetia sahihi. Ukijilaumu kwa maneno yasiyopimwa, unaweza kukiri mambo ambayo hukuulizwa. Hata maneno uliyomjibu afisa Novemba yamekwisha andikwa mahali fulani, na kiapo chako hakipaswi kupingana nayo.

Kwa kesi yenye kifungu kimoja ningekuambia mlipie kikao kimoja cha ushauri, mjaze wenyewe, kisha mumlipe wakili akague kabla ya kutuma. Mawakili wengi hukubali kazi ya sehemu kama hiyo. Kwa kesi hii sikushauri hivyo. Ajirini wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kabla hamjasaini mkataba mwulizeni ameshughulikia maombi mangapi yenye vifungu hivi viwili kwa pamoja, nani hasa ataandika hoja, yeye au msaidizi wake, na je, bei hiyo inajumuisha kujibu barua ya kutaka ushahidi zaidi. Rufaa kwa kawaida huwa haimo; na mjue kwamba muda wa rufaa ni siku 30 tangu uamuzi, au 33 ukitumwa kwa posta, ambao kwa mtu wa Moshi ni mfupi sana.

Kuna kazi moja mnayoweza kuianza sasa bila kulipa wakili yeyote. Ombeni nakala ya faili lako kwa USCIS kwa kutumia sheria yao ya uhuru wa habari, na kumbukumbu zako za kuingia na kutoka kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Wakili yeyote makini atazitaka, na ni afadhali azikute tayari.

---

MamaWawili_Njiro

Nimesoma na ninarekebisha niliyoyasema. Nilimjibu ndugu yetu kwa kipimo cha kesi yangu, na kesi yake si yangu. Kwa kifungu kile cha pili nami ningetafuta wakili, hata kama ingebidi kungoja mwaka mzima tukichanga. Lakini, kaka, yale ya amri ya mahakama ya mtoto, barua za madaktari, na hesabu za bima na madeni, msimwachie wakili ayatafute. Saa zake mnazilipia. Mkeo akizikusanya mwenyewe na kuzipanga kwa tarehe, bei inaweza kujadiliwa, na mtakuwa mnazungumza na wakili mkiwa mnaijua kesi yenu.

Na anwani ya barua iwe ya Ohio, tafadhali, isiwe sanduku la posta la ukoo.

---

Msangi_wa_Usangi

Hilo la anwani nalitia mkazo kwa mikono miwili.

---

Kibosho_Kati, 16 Machi 2025

Narudi kuwapa mrejesho. Nilimweleza mke wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akaniuliza kwa nini nilimwachia aamini kwa miezi minne kwamba tatizo ni la miaka kumi tu. Sikuwa na jibu zuri. Siku iliyofuata alinipigia yeye na kusema tuajiri wakili.

Yule wa dola 7,000 alipoulizwa maswali yenu alisema hoja huandikwa na msaidizi na yeye hupitia. Yule wa 4,500 aliandika kwamba kesi zenye vifungu vyote viwili amekuwa akizishughulikia, akaomba nakala ya karatasi ya ubalozi kabla ya kutaja bei tena, kisha akasema bei itakuwa 5,200 kwa sababu ya kifungu cha pili, ikijumuisha majibu ya barua ya idara, kwa awamu sita. Tumehakiki jina lake katika chama cha mawakili cha jimbo lake. Leseni iko hai. Mkataba ataniletea mimi nitie sahihi, maana nimeelewa sasa kwamba mwombaji ni mimi, si mke wangu, ingawa dhiki ni yake.

Bwana wa Arusha nilimuuliza kuhusu ile sehemu ya jina na sahihi. Alisema hiyo huachwa wazi. Sijamrudia.

Amri ya mahakama ya binti tumeipata, kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa unasema mzazi yeyote hawezi kumhamisha mtoto nje ya jimbo bila kibali cha mahakama. Tumeiweka juu ya karatasi nyingine zote.